Wifi, Siwezi Kukaa

6 Februari

Wifi yangu,

Pokea salamu zangu na za watoto. Hapa ndipo huwa naandika kwamba sote hatujambo, lakini leo nitaandika ukweli: wao hawajambo. Wewe magoti yanaendeleaje? Bado wanakupandisha ngazi na mabunda ya mashuka, au wameona haya sasa?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Nimekupigia mara kadhaa, ukipokea tu naanza kukuuliza kama kwenu kuna mvua. Wewe mwenyewe ulisema, "Wifi, siku hizi umekuwa mtangazaji wa hali ya hewa." Nilicheka, nikakata simu, nikalia.

Nina saratani, wifi. Si ya titi, si ya kizazi. Ni ya uke, kwa nje, kwenye shavu la kushoto. Haya, nimeandika. Neno hilo sijawahi kulitamka kwa sauti tangu nizaliwe, hata nilipokuwa najifungua pacha nilikuwa nasema "huku chini, huku chini," mpaka mkunga akaniuliza kama mtoto anatokea kwenye unyayo.

Ilianza kwa muwasho. Muwasho wa miaka, si wa miezi. Nilinunua dawa za kupaka, muuza dawa akawa ananiona nikivuka barabara tu anashusha mrija kutoka rafuni. Kila mara ilikuwa ni fangasi. Nikapaka fangasi, nikanywa fangasi, nikabadili sabuni, nikaacha nguo za ndani za nailoni. Ngozi ya kule ikawa nyeupe, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikasema ni utu uzima. Mwaka jana ndipo nikagusa kitu kigumu, kama punje ya harage, na kikawa hakiondoki. Kikaanza kutoa damu kidogo, na mkojo ukipita hapo ni pilipili.

Unajua kazi yangu, msimu wa sare za shule ukianza mtu hashuki kwenye cherehani. Nilikuwa nakaa tako moja, nikichoka nahamia jingine. Mwenzangu wa meza ya pili akaninong'oneza kwamba bawasiri ina dawa, nisione haya. Nikamjibu ahsante. Ona, wifi, niliona bora watu waamini nina bawasiri.

Muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyeniambia nivue, akavuta taa. Alitazama kidogo tu. Akasema, "Mama, hii si fangasi. Na nani alikuwa anakuambia ni fangasi, alikutazama?" Nikagundua kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyetazama. Wote walinisikiliza wakaandika. Wakakata kinyama kidogo, kikaenda maabara, jibu likarudi.

Daktari ni binti mdogo, ana tabia ya kutafuna kucha. Alinichorea. Watakata uvimbe na nyama nzima pembeni yake, kisha watachana kinena kushoto na kulia watoe mitoki, zile tezi za kinenani, wajue kama saratani imeshafika huko. Anasema kila kitu kitategemea mitoki.

Kaka yako nimemwambia ni uvimbe wa tumbo. Tafadhali usimwambie kitu.

Wifi yako,
Mama Pacha


19 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, na magoti yanakusalimia, yote mawili, moja kwa mlio na jingine kwa maumivu. Sijui niulize hali yako vipi. Nauliza tu: umeamkaje?

Barua yako niliifungua kazini hotelini, kwenye chumba cha mashuka safi, maana nilidhani ni habari za pacha. Nilipofika pale kwenye lile neno nikakaa juu ya rundo la taulo zilizokwisha pigwa pasi. Msimamizi wetu, Bwana Saa, alipita akasimama mlangoni, akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia hapana, kuna barua. Akaondoka bila kutazama saa yake, na hilo kwake ni jambo kubwa. Kisha nikagundua nimebana mapaja mpaka yananiuma. Yaani mwili wangu ulikuwa umejifunga wenyewe kama duka.

Wewe ulimuuguza mama yangu mpaka mwisho. Ulimwosha, ulimgeuza, hukuwahi kusema "huku chini" kwa mama yangu, ulisema "nipishe nikusafishe vizuri mama," na yeye akakuachia. Leo wewe ndiye unajificha nyuma ya bawasiri. Haya basi, na mimi nimeona haya kusoma. Tumekuwa wawili, tuziache hapa hizo haya, tuendelee.

Kuhusu kaka yangu, sitamwambia kitu, umenifunga mdomo. Lakini wewe mwambie. Uvimbe wa tumbo? Watakuchana tumboni, halafu vidonda vitokee kinenani? Yule ni fundi majokofu, amezoea kutafuta gesi inapovujia kwenye jokofu la mtu asiyemjua, hatashindwa kuona bandeji kwa mkewe. Mwambie neno zima. Nenda naye kwa huyo daktari mtafuna kucha, aambiwe na mtaalamu, wewe ukae pembeni unywe maji.

Wifi, kubali kukatwa. Najua ni rahisi kwangu kusema, kinachokatwa si changu. Lakini kubali.

Niandikie ukiweza. Usipoweza, mmoja wa pacha aandike neno moja tu: "yupo." Nitaridhika.

Wifi yako,
Shangazi wa pacha


2 Aprili

Wifi yangu,

Nipo. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo, kwa hiyo mwandiko usiucheke. Siwezi kukaa. Kulala naweza, kwa ubavu, na mto kati ya magoti. Watoto wanakusalimia, mkubwa wao, yule aliyemtangulia mwenzake, ameomba ruhusa kwa mumewe na yuko hapa tangu nitoke wodini.

Nilifanya ulivyoniambia. Nilikwenda na kaka yako kwa daktari. Daktari akaeleza vizuri, akalitaja neno kama mtu anayetaja kiwiko. Kaka yako alikuwa anaitikia kwa kichwa, mikono iko magotini, unamjua akiwa mbele ya watu wenye makoti meupe. Kisha akauliza, "Tatizo hili linasababishwa na nini?" Daktari akasema kuna njia mbili. Wengine ni ugonjwa wa ngozi wa miaka mingi. Wengine ni kirusi ambacho watu huambukizana wakilala pamoja, kinaweza kukaa mwilini kimya mpaka mtu asahau alikipata lini. Basi kaka yako akaacha kuitikia. Uso ukawa kama jivu. Tukarudi nyumbani kila mtu anatazama dirisha lake.

Tangu siku ile hanigusi, wala hakai nilipo. Amehamia kwenye kochi la sebuleni. Analeta maji, analeta dawa, anaweka mlangoni, anakohoa ili nijue, anaondoka. Nilidhani ni woga wa kabla ya upasuaji. Sasa nimeshakatwa na bado yuko kwenye kochi.

Upasuaji sikuujua, nusu kaputi ilinichukua nikiwa katikati ya kusema jina langu. Kuamka ndiko nilikokujua. Mpira wa mkojo huku, mirija miwili inatoka kinenani inachuruza maji mekundu kwenye vichupa, na katikati, wifi, nilihisi kama nguo iliyoshonwa kwa kitambaa kisichotosha. Mimi ni fundi, najua kitambaa kinapovutwa kupita kiasi ili pindo zikutane. Wiki ya pili mshono wa kushoto ukaachia. Daktari akasema hutokea sana sehemu hiyo, ina jasho, haina hewa, kitaziba chenyewe kutokea ndani. Kinaziba. Lakini kinanuka. Kila nikienda haja najimwagia maji ya vuguvugu, najikausha kwa kugusagusa. Mkojo wenyewe haupiti njia moja tena, unatawanyika kama bomba lililoziba nusu. Mwanangu ameona yote. Siku ya kwanza nilimwambia asitazame. Akaniambia, "Mama, nikifumba macho nitakuumiza." Nikamwacha.

Sasa majibu. Mitoki ya kulia safi. Ya kushoto imeingiwa.

Nilimwomba daktari asinizunguke. Akaacha kucha yake, akaniambia: isingefika kwenye mitoki, wanawake tisa katika kumi wanavuka miaka mitano. Ikishafika, ni karibu nusu. Akaongeza haraka kwamba hiyo ni hesabu ya watu wengi, haisemi mimi niko upande gani. Nikamwambia mwanangu, nusu, basi si haba, mitihani ya shule watu wanafaulu kwa chini ya hapo. Hakucheka.

Wanataka nipigwe mionzi kwenye kinena na kule kote, kila siku ya kazi, wiki kama tano au sita, na dripu ya dawa mara moja kwa wiki. Mashine haipo huku.

Mimi sitaki, wifi. Si kwamba naogopa. Nimechoka. Nimechoka kuvua nguo mbele ya watu, nimechoka kuulizwa "maumivu ni ngapi kati ya kumi." Nataka kidonda kizibe nirudi kwenye cherehani yangu, miaka itakayokuja ije yenyewe.

Wifi yako,
Mama Pacha


14 Aprili

Wifi,

Salamu na pole, nyingine nitakupa tukionana.

Mashine iko hapa mjini. Nimekwenda kuiuliza. Ni vituo viwili vya basi kutoka kwangu, na kwa miguu ni njia ya tambarare, nimeitembea na magoti haya kwa hiyo najua. Mlango ni wa nyuma ya jengo la macho, pana benchi la mbao na dada wa mapokezi anayefuma sweta. Nilimwambia wifi yangu hawezi kukaa. Akasema wapo wengi, wana kitanda cha kusubiria.

Sitakuambia utapona. Mimi nafua mashuka, sijui. Wala sitakuambia uwafikirie watoto, watoto wana maisha yao. Nitakuambia ninachokijua: chumba changu kina kitanda kimoja, nitakupa. Mimi nitatandika chini. Maji ya moto hayakosekani, jikoni kwa jirani kuna birika. Chumbani hakuna mwanaume atakayekohoa mlangoni. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza, na wewe unajua kwangu hiyo ni adhabu. Ukianza na siku ya tatu ukasema umechoka, nitakupeleka stendi mwenyewe, bila neno.

Kaka yangu nimempigia. Nimemuuliza kwa nini anahamia kwenye kochi kama mgeni. Jibu lake ni "Ndiyo dada." Nikasema mkeo anadhani unamwona kinyaa. "Ndiyo dada." Nikasema je, unamwona kinyaa? Akasema, "Dada, niache." Sijawahi kumsikia na sauti ile tangu baba alipofariki. Sijui ana nini. Ila kinyaa sikukisikia.

Njoo.

Shangazi wa pacha


30 Julai

Wifi yangu mpendwa,

Nimefika salama, na watu wote wamenipokea kwa salamu zinazoanza kwa juu na kuishia kutazama chini. Natumaini umerudi kitandani kwako na mgongo umenyooka. Chumba changu hapa ni kikubwa kuliko chako mara mbili na nakiona kidogo.

Nimekuwa nikijiuliza nitakushukuru kwa maneno gani. Wiki zile za mwisho ngozi ilipochubuka kama ya mtu aliyemwagikiwa uji, ukawa unanipepea na ule mfuniko wa ndoo ya plastiki, ukiniambia habari za Bwana Saa na yule mgeni wa hoteli aliyeiba mapazia. Sikuamini hata moja, lakini nilikuwa nasubiri nyingine. Siku niliyokwambia nipeleke stendi, ulivaa viatu kweli, ukachukua begi langu ukasimama mlangoni unanisubiri. Nilikasirika, nikarudi kulala. Mpaka leo sijui kama ungenipeleka.

Na sijasahau yule muuguzi wa wodi ya mionzi alivyokugeukia, "Na wewe mama uliyemsindikiza, umewahi kupimwa?" Wewe uliyekuwa unanihimiza nivue kama mtu wa jeshi! "Mimi niko sawa, mimi nimekuja na mtu." Tulikusukuma wawili. Nafurahi majibu yako yalikuwa safi, na nafurahi zaidi kwamba nilikusikia nyuma ya pazia ukisema, "Dada, mkono wako wa baridi."

Sasa nina jambo. Siku ya mwisho, ulipokwenda kutafuta gari, nilimuuliza daktari wa huko: tatizo langu lilitokana na nini kati ya yale mawili? Akafungua majibu ya maabara akasoma. Akasema halikutoka kwenye kirusi. Limetoka kwenye ule ugonjwa wa ngozi nyeupe, ungetibiwa mapema kwa dawa yake huenda lisingefika hapa. Nilikasirika kidogo kuhusu ile mirija yote ya fangasi, kisha nikawaza, afadhali, nitamwambia mume wangu. Nilijua hicho kirusi ndicho kilichomhamishia kwenye kochi. Nilidhani anafikiri mimi ndiye niliyekileta.

Basi nilipofika, jioni ya siku ya pili, nikamwita. Akasimama mlangoni. Nikamwambia, "Ingia, siumwi kwa kutazamwa." Nikamweleza, si kirusi, ni ngozi, hakuna mtu aliyemwambukiza mwenzake. Wifi, kaka yako aliketi sakafuni. Alilia mpaka akashika mguu wa kitanda. Alikuwa anasema, "Si mimi. Si mimi. Asante, si mimi."

Nikamshika kichwa. Nilimshika muda mrefu, na mimi nikiona raha kwamba amerudi. Ilikuwa asubuhi, nikiwa napima sketi ya mtoto wa watu, chaki iko mkononi, ndipo nilipojiuliza: kwa nini alidhani ni yeye?

Mimi sikuwahi kuwa na mtu mwingine. Yeye ndiye aliyekuwa miaka ile kwenye kiwanda cha samaki, akitengeneza mitambo ya barafu, akirudi kwangu mwisho wa mwezi.

Sijamuuliza. Nilitegemea moyo ungewaka, nikauchungulia, hamna kitu. Nikamaliza kuchora sketi. Amerudi kulala kitandani, ananiuliza kama nimelala vizuri, nami namjibu.

Wifi yako,
Mama Pacha


11 Agosti

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Kitanda nimekirudia lakini nimezoea sakafu, nimekuwa kama paka.

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye meza ya kukunjia, maana sasa wamenishusha, sipandi ngazi tena, nakunja tu. Nilikunja mashuka ya ghorofa nzima kwa hasira mpaka wenzangu wakanipisha. Nilitaka kumpigia kaka yangu nimtukane kwa majina yote ya nyumbani kwetu, hata yale ambayo mama alitukataza. Nilishika simu. Kisha nikaiweka, kwa sababu si mimi niliyekosewa, na wewe hukuniomba.

Sikujua, wifi. Kama unajiuliza hilo, sikujua. Ningejua ningekwenda kiwandani mwenyewe nimgandishe humo humo.

Nina swali moja tu. Unataka nini? Sio kinachofaa, sio watu watasema nini. Ukitaka nije, nakuja. Ukitaka nimseme, nitamsema. Ukitaka ninyamaze, unajua adhabu yangu.

Mguu wa kushoto unaendeleaje? Ulipoondoka kifundo kilikuwa kimeanza kujaa. Usiudharau.

Shangazi wa pacha


20 Desemba

Wifi,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kwenye simu pacha wananiambia, "Mama yupo, amepumzika." Ninyi nyote mnapumzika sana siku hizi.

Kama ni ugonjwa, niambie. Kama nilisema neno baya, niambie pia. Kama umechoka kuandika, chora hata mstari, ukunje, utume. Mimi nauliza tu: umeamkaje?

Shangazi wa pacha


17 Machi

Wifi yangu,

Nimeamka vibaya kwa muda mrefu, leo nimeamka afadhali, ndiyo maana naandika. Nisamehe kimya changu. Hukusema neno baya. Uliniuliza nataka nini, na sikuwa nataka kitu. Nilikuwa nakaa upande wa dirisha, natazama watu wanavyoanika nguo, giza likiingia naambiwa nile, nakula. Mionzi ilikwisha, watu wakaacha kuja, wakasema mgonjwa wetu amepona, na mimi ndio kwanza nikaanza kuugua. Daktari mtafuna kucha akanipeleka kwa mama mmoja wa kuzungumza naye. Nilimwambia sina la kuzungumza. Akasema sawa, tukakaa. Mara ya tatu nikaanza kuzungumza.

Mguu ulijaa kama ulivyosema. Mitoki ikishatolewa maji hayana njia ya kurudi. Nimefundishwa kuufunga bandeji tangu vidole mpaka pajani, ila mimi kuinama sifiki. Kaka yako ndiye anayeufunga, kila asubuhi kabla hajaenda kwenye majokofu. Anafunga kama anavyofunga mabomba ya baridi, mzunguko juu ya mzunguko, hauachi pengo. Na mimi nilikuwa natazama kile kichwa chake kilichoinama, kimeota mvi kisogoni, na bado ndani yangu kimya.

Basi mwezi wa kwanza, Jumamosi mchana, ananifunga, akasema, "Leo uvimbe umepungua kuliko jana." Akatabasamu, anajipongeza. Wifi, sijui kilitoka wapi. Nilivuta mguu. Nikamwambia, "Nani?" Akasema, "Nani nini?" Nikasema, "Wa kiwandani. Nani?"

Akakaa na ile bandeji mkononi imefunguka yote. Hakukana. Mwanamke wa kupanga samaki, miaka miwili, uhusiano uliisha wenyewe kabla pacha hawajaanza shule. Akaanza kusema nisamehe, nikamwambia nyamaza. Nilipiga kelele, wifi. Mimi! Nilimwambia kwamba nilikuwa nimekatwa, nanuka, nadhani mume wangu ananiona kinyaa, kumbe alikuwa anajilinda yeye na siri yake. Nilimwambia aliniacha peke yangu na kidonda ili asikione. Hilo ndilo linaloniuma kuliko huyo mwanamke. Nikarusha bakuli. Tupu, la plastiki, lakini nilirusha. Akachukua blanketi akaenda kulala kwenye karakana yake, nilimwambia aende. Alikaa huko mpaka mwezi wa pili ukaisha, akija asubuhi kufunga mguu, anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Pacha waliuliza kuna nini. La baba yao sikuwaambia, ni langu na yeye. Langu niliwaambia lote. Nikawaketisha, nikawachorea kama daktari alivyonichorea mimi: hapa ni mashavu ya uke, hapa kinembe, ngozi ikibadilika rangi au ikiwasha isiishe, mkatazamwe, msiandikiwe dawa na mtu ambaye hajatazama. Mdogo akaficha uso kwa mto. Mkubwa akasema, "Mama, rudia hapo kwenye rangi."

Sasa habari ya hospitali, nimeichelewesha makusudi. Kwenye ukaguzi wa mwezi uliopita waliona doa jingine, upande wa kulia, dogo. Wameshalikata. Halikuwa limeota mizizi, kingo zote safi, nililala wodini siku moja tu. Daktari anasema kwangu huenda ikawa hivi, linachipua wanalikata, na kwamba miaka miwili ya kwanza ndiyo ya kuangalia kwa macho yote. Nikamuuliza ile nusu yangu imebaki nusu? Akasema, "Mama, mionzi imefanya kazi kwenye kinena, hapo hapajarudi kitu. Kila ukaguzi ukipita safi hesabu inakaa upande wako kidogo." Kidogo. Nimelichukua hilo kidogo.

Kaka yako alinisindikiza. Nilimwambia abebe begi, asiseme kitu, akabeba. Tulipotoka nikamwambia arudi nyumbani, huko karakana atapata kifua, nani atanifunga mguu. Simwambii nimemsamehe. Sijui kama nimemsamehe. Yuko kwenye kochi.

Jana jioni bomba la jikoni lilianza kuvuja. Yeye akasema ni koki, mimi nikasema ni kiungo cha chini, nilikiona juzi. Akasema mwanamke huyu, mimi ndiye fundi. Nikasema fundi wa majokofu, hilo ni bomba. Tukabishana mpaka sakafu ikalowa, yeye na spana, mimi na tambara, kila mtu anamwambia mwenzake hasikii, na ilikuwa ni kiungo cha chini. Nilikwenda kulala nimechoka hoi, wifi, mikono, koo, kila mahali. Nikalala hapo nikiusikiliza ule uchovu. Ulikuwa wa kugombana tu na kupiga deki.

Nikapitiwa na usingizi kabla sijazima taa.

Wifi yako,
Mama Pacha